Mama Asiyemtaja Baba wa Mtoto



Kila kanisa linalogawa sadaka ya maskini hukutana na swali hili, mapema au kwa kuchelewa. Mama mwenye mtoto mdogo anaomba msaada. Baba wa mtoto yu hai, tena huenda ana kazi. Lakini mama hataki kumtaja, wala hataki kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii ili baba huyo adaiwe matunzo. Je, ni haki kumnyima msaada, au kumpunguzia, mpaka aseme?

Wako wanaojibu "ndiyo", na hoja yao si ya kubezwa. Sadaka yetu ni ndogo, nayo imetoka katika mifuko ya watu ambao wenyewe hawana kitu kingi: muuza mboga, fundi, mstaafu. Kilo ya unga inayokwenda kwa mtoto mwenye baba mzima ni kilo iliyokosa kumfikia yatima. Tena, wanasema, kanisa linalotoa bila kuuliza linamsaidia mwanamume kukimbia: yeye azae, sisi tulishe. Wanaweza hata kumleta Mtakatifu Paulo kuwa shahidi. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, anaagiza kwamba mjane mwenye watoto au jamaa atunzwe kwanza na hao jamaa zake, ili kanisa lisilemewe, bali liweze kuwasaidia wasio na mtu kabisa.

Basi yafaa tuisome sura hiyo kwa makini. Paulo anapofika mahali pa kukaripia kwa kukosa matunzo, anamkaripia yule asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Huyo ndiye anayemhesabu kuwa ameikana imani. Mzigo anaurudisha kwa mwenye mzigo. Lakini sisi tukisema, "Mama asipomtaja baba hapati unga," tumeuchukua mzigo wa baba tukamtwika mama, na mama hana pa kuutua ila juu ya mtoto.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa katika nchi tajiri. Marekani ilitunga sheria mwaka 1975, ikamtaka mama anayepokea msaada wa serikali ashirikiane katika kumtafuta baba na kumdai. Mwaka 1996 sheria mpya ikaagiza kwamba mama asiyeshirikiana bila sababu ya kutosha akatwe msaada wa fedha usiopungua asilimia 25, na majimbo yakaruhusiwa kumnyima wote. Uingereza ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1991, ikaanza kazi mwaka 1993. Kuanzia mwaka 1996 makato yake yalifikia asilimia 40 ya posho ya mtu mzima. Sheria zote mbili ziliacha mlango kwa mama aliye na hofu ya kudhuriwa, lakini ilimpasa kwanza amweleze karani hofu yake, naye karani aamue kama inatosha. Tena, sehemu kubwa ya fedha iliyotozwa kwa akina baba haikumfikia mtoto: serikali ilijilipa kwanza kile ilichokwisha kumpa mama. Mwaka 2008 Uingereza iliondoa lazima hiyo. Nchi hizo zilikuwa na makarani, mahakama na orodha za mishahara za kumtafutia baba. Hata hivyo adhabu ilifanya kazi kama mtego wa panya, ambao huwanasa waliomo na wasiokuwamo.

Mtu aweza kuuliza: mbona hapa kwetu misaada ina masharti, na hatulalamiki? Ni kweli. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, uliwataka wazazi wawapeleke watoto kliniki na shuleni. Lakini tazama tofauti. Sharti la kliniki likitimizwa, mtoto mwenyewe hufaidika siku ileile, na mama hulitimiza kwa miguu yake. Sharti la kumtaja baba huishia mikononi mwa mwanamume. Mama aweza kumtaja, na baba asilipe. Aweza kumtaja, na baba akahama. Aweza kumtaja, na usiku akapigwa.

Na kwa nini anyamaze? Mmoja anaogopa ngumi. Mwingine alilazimishwa, au aliyempa mimba ni ndugu wa karibu, na akisema nyumba nzima itaanguka. Mwingine huletewa kwa siri debe la mahindi wakati wa mavuno, naye anajua kwamba siku atakapofungua kesi debe hilo halitakuja tena. Na mji wetu ni njia panda: pale Msamvu hukutana magari ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Kuna mama asiyemtaja baba kwa kuwa jina aliloambiwa halikuwa jina lake. Kumnyima huyu unga mpaka aseme ni kumfundisha kusema uongo.

Tumkumbuke Tamari, katika Mwanzo sura ya 38. Alipoonekana ana mimba, Yuda mkwewe aliamuru achomwe moto. Tamari hakupaza sauti mbele ya watu. Alimpelekea Yuda pete yake ya muhuri, kamba yake na fimbo yake, ili mwenyewe avitambue. Yuda akakiri kwamba yule mwanamke alikuwa na haki kuliko yeye. Jina la baba lilikuwa silaha ya Tamari, akaitumia kwa wakati wake na kwa njia yake. Wale waliokuwa tayari kumwadhibu hawakuwa wamemwuliza mtu mwingine yeyote neno lolote.

Nasi tunafanana nao mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali. Katika makanisa mengi msichana mwenye mimba hutengwa na Meza ya Bwana, kwa kuwa tumbo lake linaonekana. Mwanamume hana tumbo la kumshuhudia. Jumapili inayofuata yuko katika kwaya. Tukiongeza na sharti la unga, tutakuwa tumemwadhibu mwanamke mara mbili, na mwanamume hata mara moja hatujamwadhibu.

Wala desturi isitumiwe kuwa maficho. Kwa Waluguru na Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Desturi hiyo ilikuwa na hekima, maana mtoto hakukosa kwao hata kama baba hakujulikana. Lakini mwanamume anayesema leo, "Mtoto ni wa kwao mama yake, mimi sidaiwi," anachukua nusu ya desturi na kuiacha nusu. Hapa mjini mjomba naye amepanga chumba kimoja, na shamba la ukoo liko mbali milimani.

Sheria ya nchi nayo haimpi maficho. Zamani, chini ya sheria iliyotoka enzi ya ukoloni, matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hayakuweza kuzidi shilingi 100 kwa mwezi, na kiasi hicho kilibaki katika vitabu hata shilingi 100 zilipokuwa hazinunui kitu. Jirani zetu wa Kenya waliifuta kabisa sheria yao ya namna hiyo mwaka 1969, Bunge likiwa karibu lote la wanaume. Kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliondoa ile ya zamani. Mahakama hutazama uwezo wa wazazi wote wawili. Tena, ombi la matunzo laweza kupelekwa si na mama tu, bali hata na jamaa wa mtoto au Afisa Ustawi wa Jamii. Sheria hiyo pia imempa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake.

Hapo ndipo ilipo hoja nzito zaidi ya wale wanaotaka mama aseme, nami sitaki kuipita kimya. Jina la baba si mali ya mama peke yake. Mtoto atakua, naye atauliza. Mama anayenyamaza milele anamnyima mwanawe kitu kilicho chake. Lakini tuone kwamba deni hilo ni kwa mtoto, si kwa kamati ya kugawa unga. Halilipwi kwa njaa, bali kwa uaminifu, na uaminifu huota mahali ambapo mtu hatishwi.

Basi tufanyeje? Nashauri mambo matatu.

Kwanza, mtoto ale. Unga usiwe rungu. Tukiwa na kidogo, tupime kwa njaa iliyo mbele yetu, wala si kwa maneno ya mama.

Pili, mama aulizwe, lakini faraghani, na mama mmoja mtu mzima ajuaye kutunza siri, si mbele ya meza ya wazee saba wanaume. Aelezwe haki ya mtoto wake kwa mujibu wa sheria. Akiwa tayari, asindikizwe hadi Ustawi wa Jamii. Akiwa amepigwa au amelazimishwa, asindikizwe hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Asipokuwa tayari, mlango ubaki wazi, na unga usipungue.

Tatu, na hili ni gumu kuliko yote, sisi wanaume tuachane na tabia ya kulindana. Mara nyingi baba asiyetajwa na mama anajulikana na wenzake wa kazini, na wa kijiweni, na pengine na jirani yake wa benchi kanisani. Kama tunataka ukweli usemwe, kwa nini tuudai kwa mwenye njaa na kumsamehe aliyeshiba? Mzee wa kanisa amwendee ndugu yake kwa upole, amwambie, "Tunajua. Mlee mwanao." Akikataa, basi yeye ndiye awekwe chini ya nidhamu ya kanisa.

Mwenyezi Mungu alimsikia mtoto wa Hajiri akilia jangwani, akampatia maji, wala hakuweka sharti. Ibrahimu, aliyewatoa na mkate na kiriba kimoja cha maji, alikuwa na majibu yake mwenyewe ya kutoa.