Kwenda Kuhesabiwa Mikono Mitupu



Wapendwa vijana, kila Desemba watani wetu hutucheka sisi Wachaga kwamba tunapanda mabasi "kwenda kuhesabiwa". Wala hawajakosea. Dominika ya tatu ya Majilio ikishapita, nauli ya kwenda Moshi na Rombo inakuwa gumzo, na huko migombani watu wanaulizana nani analeta mbuzi wa ndafu. Mimi utani huo naupenda, maana unatupeleka moja kwa moja kwenye Injili ya Luka sura ya 2. Yosefu naye alitoka Nazareti akaenda Bethlehemu, mji wa ukoo wake, kuhesabiwa.

Swali langu ni hili: tukifika nyumbani, kinachohesabiwa ni mtu au ni alichokuja nacho?

Kaka mmoja wa ukoo wetu hajaja Noeli nne mfululizo. Duka lake mjini lilikufa. Ukimpigia simu anajibu, "Nitakuja nikiwa na kitu." Mama yake, ambaye mimi namwita mama mkubwa, hajawahi kuulizia kitenge wala sukari. Anauliza kama mwanawe anakula vizuri. Mwaka jana alimwekea nyama yake kando, na ilipofika tarehe 27 ndipo akawagawia watoto.

Ni rahisi kusema huyo kaka ana kiburi. Lakini jamani, nani alimfundisha kuwaza hivyo? Tutazame tunavyowapokea watu. Gari likiingia uani, macho yanakwenda kwenye buti kabla hayajafika usoni kwa mgeni. Aliyekuja na gari anavutiwa kiti karibu na wazee; aliyeshuka kwenye bodaboda anatumwa akakate majani ya ng'ombe. Hakuna aliyemwambia mtu "usije". Ila ameshasikia.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anataja urafiki wa aina tatu: wa faida, wa raha na wa wema. Ule wa faida huisha faida ikiisha, kwa sababu aliyependwa hakuwa mtu mwenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Sasa kama familia inamhitaji mtu anapokuwa na kitu tu, basi yaani tumebaki na biashara yenye jina la ukoo.

Najua kuna atakayeniambia: "Frateri, mkono mtupu haulambwi. Wazazi wanahitaji dawa, wadogo wanahitaji ada. Usitetee uvivu." Ni hoja ya haki. Amri ya nne inatudai kuwatunza wazazi, na anayekunywa mshahara wake wote kisha akajificha mjini ana la kujibu mbele za Mungu. Lakini kutunza ni tunda la kuwa mtoto wa nyumba, siyo kiingilio chake. Natoa kwa sababu mimi ni wa pale. Siwi wa pale kwa sababu nimetoa.

Tazameni Familia Takatifu. Siku 40 baada ya kuzaliwa Yesu, walimpeleka Hekaluni, tukio tunaloadhimisha tarehe 2 Februari. Sheria ilimtaka mama aliyejifungua atoe mwanakondoo na ndege mmoja. Asiye na uwezo alete ndege wawili. Luka anataja ndege wawili tu. Yosefu hakungoja hadi apate mwanakondoo. Naye mzee Simeoni hakuuliza wameleta nini, alimpokea Mtoto mikononi mwake akamsifu Mungu.

Kwa hiyo, wewe uliye mbali na mfuko umekauka: piga simu, sema ukweli kwamba hali ni ngumu, na nauli ikipatikana nenda. Mzazi anayekungoja ana miaka yake, na haingoji biashara yako isimame.

Na sisi tunaopokea tusisubiri Desemba. Kipindi cha Kawaida ndicho kirefu kuliko vyote, kina wiki 33 au 34, na ndani yake hakuna ndafu wala wageni. Hapo ndipo simu ya "umeamkaje, ndugu yangu?" ina uzito. Anayepigiwa Julai bila kuombwa mchango ataamini Desemba kwamba anaitwa yeye.

Mwaka huu sisi binamu tumekubaliana kumchangia kaka yetu nauli, ya kuja na ya kurudi, na kumwambia mapema asibebe kitu. Bado hajajibu. Mama mkubwa hatujamwambia, tusije tukampa tumaini halafu likakatika. Naomba mtusindikize kwa sala, na kila mmoja amtaje mbele za Mungu yule wa kwao ambaye kiti chake kiko wazi.

Majilio mema!