Sekunde Kumi na Moja

Neno lenyewe lilichukua fremu 23. Najua kwa sababu nilizihesabu. Nilikuwa nimeiseti simu irekodi fremu 25 kwa sekunde, kwa hivyo "nimemsamehe" ya Shosho, ambayo kwa Kikuyu pia ni neno moja tu, haikufika hata sekunde nzima. Kimya kilichotangulia hilo neno kilikuwa fremu 275. Sekunde 11. Nilikikata usiku wa manane, nikanywa chai, nikalala.

Stori ni hivi. Miaka 12 iliyopita anko wangu, kitindamimba wa Shosho, alichukua hatimiliki ya nusu ekari kule Kandara, kwa njia ambazo familia yetu haipendi kuzieleza, akaiweka rehani apate mtaji. Ile nusu ekari Shosho aliinunua mwenyewe kwa pesa za chama. Biashara haikumaliza mwaka. Shamba likapigwa mnada, anko akahamia Kitale na hakuonekana tena, hata Guka alipozikwa. Desemba iliyopita Mama akasikia kwamba anaugua, akaja na wazo: si wewe hufanya mambo ya video? Basi mrekodi Shosho akiongea, tumtumie huyu mtu ajionee mwenyewe kwamba mlango uko wazi.

Mambo ya video, ndiyo. Sijasomea. Niliacha chuo mwaka wa pili, na karibu kila ninachojua kuhusu kuediti nimekitoa YouTube kwa bando za usiku. Lakini siku hiyo nilijitahidi. Nilimketisha Shosho dirisha likiwa kushoto kwake, nikafunga simu kwenye stendi, na simu ya Mama nikaificha ndani ya leso ya Shosho, karibu na kifua, irekodi sauti peke yake. Kisha nikapiga kofi moja kubwa mbele ya simu zote mbili. Hiyo ni mbinu ya watu wasio na vifaa: baadaye unatafuta ule mwiba wa kofi kwenye mawimbi ya sauti zote mbili, unalinganisha, na sauti inakaa sawa na midomo. Shosho akaniuliza ni nani ninayempigia makofi na yeye hajasema kitu.

Tulipomaliza nikawaomba wote wanyamaze nusu dakika. Hii nayo ni mbinu. Hakuna nyumba iliyo kimya kabisa. Mabati hulia jua likipungua, kuna kuku nje, kuna redio ya jirani. Unairekodi sauti ya nyumba isiyo na maneno, halafu unaitandika chini ya mahali ulipokata, ili sikio la mtazamaji lisishtuke. Nimefikiria sana kuhusu hiyo nusu dakika. Nilikusanya kwa uangalifu sekunde 30 za kimya cha nyumba, halafu nikatupa 11 za kimya cha mwenye nyumba.

Naeditia Kdenlive, ambayo ni ya bure, kwenye laptopu ya mtumba ambayo bila kutengenezewa nakala nyepesi za klipu inakwama kama matatu kwa tope. Ukiangalia sauti pale, maneno ni vilima na kimya ni tambarare kama Mwea. Jicho la mtu anayeediti hufunzwa kuchukia tambarare. Siku hizi kuna programu zenye kitufe cha kuziondoa zote mara moja: unaiambia kwamba chochote kilicho chini ya desibeli kadhaa, kikizidi nusu sekunde, kitolewe. Mashine haijui kama mtu amenyamaza kwa sababu amesahau, ama analia, ama anasali. Inajua tu kwamba sauti imeshuka. Mimi hata sikutumia kitufe. Nilikata kwa mkono, nikiwa macho, kwa sababu nimefunzwa kwamba usipomshika mtu kwa sekunde tatu za kwanza atasongesha kidole na kwenda zake. Ni kama anko angeweza kusongesha kidole ampite mamake.

Ukitoa kipande katikati ya uso wa mtu, picha inaruka. Kwa hivyo unafunika. Asubuhi nilikuwa nimempiga Shosho picha akipukuchua njahi, mikono peke yake, akimcheka Mama kwa jambo fulani. Nikaiweka hapo. Mikono ya asubuhi, yenye kicheko, juu ya neno la saa kumi jioni. Ikakaa vizuri ajabu.

Kila anayejifunza hii kazi hukutana na Lev Kuleshov. Ni yule Mrusi ambaye, karibu miaka 100 iliyopita, alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usiobadilika, akaupanga na sahani ya supu, halafu jeneza, halafu mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, kisha majonzi, kisha tamaa. Tunafundishwa hiyo stori kama ujanja: ona vile mkato una nguvu! Sijawahi kuona mafunzo yakiuliza Mozzhukhin mwenyewe alikuwa anawaza nini. Pengine haijalishi, kazi yake ilikuwa kuigiza. Shosho hakuwa anaigiza.

Video ilienda WhatsApp Januari. Pasaka anko akaja. Alikuja na blanketi, unga, na sukari ya kilo tano, akasimama kwa geti mpaka Mama akamshika mkono. Sitaeleza hayo mengine. Nilikuwepo na si yangu kuyaeleza. Lakini jioni alimwonyesha Shosho ile video kwenye simu yake, akimwambia hii ndiyo iliyomrudisha, kwamba ameitazama hadi ameikariri. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Shosho kujiona. Aliitazama yote bila neno. Asubuhi akaniita jikoni. Huniita mzee wangu, kwa sababu nina jina la Guka.

"Mzee wangu, pale nilinyamaza. Ulizipeleka wapi?"

Nikamwambia ilikuwa ndefu, nimeipunguza kidogo ili isichoshe.

"Nilikuwa nahesabu miti yangu. Miparachichi sita, na ile miwili ya makadamia. Nikihesabu mmoja nauacha, nahesabu mwingine nauacha. Sasa wewe umemwambia nimesamehe kabla sijamaliza."

Hakuwa na hasira. Aliendelea kupuliza moto.

Nimempelekea hii kesi rafiki yangu anayeediti video za harusi, ambaye ana uzoefu wa kutosha wa kufuta mashangazi wanaonuna. Akanicheka. Watu, akasema, hawalipii kilichotokea, wanalipia kile wangetaka kukumbuka. Na isitoshe anko amerudi, kwani unataka nini? Hiyo hoja ya mwisho ndiyo inaninyima raha, kwa sababu sina jibu safi. Ningetuma ile sekunde 11, huenda anko angeona mama anayesita, azime simu, afie Kitale. Mkato wangu umefanya kazi nzuri. Na bado alichopokea si alichopewa. Yeye anadhani alisamehewa kwa chini ya sekunde moja, bila bei, na mikono inayocheka. Aliyemsamehe hivyo ni mimi, kwa keybodi. Shosho alikuwa amelipia.

Usiniambie nisikate kabisa. Nilikata kikohozi chake, nikakata jogoo, nikakata mahali Mama alipoingia kuuliza nani ameacha mfereji ukitiririka, na hakuna aliyeuliza zilienda wapi. Kwa muda nilidhani hicho ndicho kipimo: kata kile ambacho mwenyewe akijiona hatakiuliza. Lakini hiki kipimo kina shimo. Kuna watu wengi, wanasiasa wetu kwanza, ambao wangependa ukate kila kitu cha kweli na hawatauliza lolote. Na kuna Mama. Majirani wakimuuliza habari yangu husema nilikuwa chuo, sasa niko kwa mambo ya video. Mkato safi kabisa. Katikati ya "chuo" na "sasa" kuna miezi minane nikilala kwa bedsita Zimmerman na pazia limefungwa. Huo mkato ananifanyia mimi, kwa upendo, na sijawahi kumwomba aurudishe.

Kwa hivyo siwezi kuipa hii kitu sheria. Naona tu kwamba nilichukulia kimya kama mahali ambapo Shosho hakuwa anasema kitu, ilhali hapo ndipo alikuwa anafanya kile tulichomwomba afanye. Lile neno lilikuwa risiti.

Mwezi Mei nilifungua taimlaini tena. Uzuri wa kuediti hivi ni kwamba klipu asili haiguswi, unavuta tu ukingo wa kipande na kilichofichwa kinarudi. Nikavuta. Nikatoa mikono ya njahi. Nikamwonyesha Mama, na ilipofika sekunde ya sita akagusa skrini, akidhani imekwama. Hapo nikajua kwamba hata kurudisha si kurudisha. Kwa nyumba ile, siku ile, hizo sekunde 11 zilikuwa na moshi, na mtoto wa jirani aliyepita na ndoo, na sisi sote tukiangalia sakafu. Hazikuwa ndefu. Kwenye skrini ndogo ni uso wa mwanamke mzee akitazama upande wa mlango kwa muda usiovumilika, na mtu asiyejua atasema anachukia.

Nilimuuliza Shosho kama nimtumie anko hii ya pili. Akasema hiyo ni yake, nimwekee. Iko kwenye flashi, ndani ya mkebe wa majani chai pamoja na kitambulisho cha Guka. Hana kompyuta.

Wiki jana anko alinipigia. Alikuwa anatoka hospitali, sauti imeshuka. Akaniuliza kama kuna kitu kingine nilirekodi siku ile, chochote tu, hata kama si kizuri. Nikamwambia nitaangalia.