Ruhusa ya Kumgusa Mgonjwa

Tangu nimalize stashahada ya utabibu, watu wa Kitai, mkoani Ruvuma, wananiita daktari. Wauza ndizi pale njia panda ya Lituhi wananiita hivyo, na hata mama mdogo, aliyenilea na anayejua vizuri kwamba cheo changu ni afisa tabibu, akinituma chumvi husema "daktari wetu". Jina wamenipa. Wasichoweza kunipa ni leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Nimetuma vyeti, matokeo na picha, nimelipia kwa namba ya malipo niliyopewa, na sasa nangoja. Katika kungoja huku kuna swali limenikaa kichwani, nami naliona kuwa la imani kabla ya kuwa la sheria: ni nani hasa mwenye mamlaka ya kuniruhusu niuguse mwili wa mtu mwingine na kuutia dawa?

Maarifa hayaongezeki kwa kungoja. Nilichokijua siku ya mtihani wa mwisho ndicho ninachokijua leo, na ndicho nitakachokijua asubuhi leseni itakapotoka. Kama ni hivyo, karatasi ile inaongeza nini?

Usiku mmoja wa mvua, jirani alikuja kwetu na mtoto wa miezi kumi anachemka kwa homa. Nilimlaza mapajani mwa mama yake, nikamfunua kifua, nikawasha tochi ya simu na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa maana pumzi za mtoto hazina mpangilio na nusu dakika hudanganya. Mtoto wa miezi miwili mpaka mwaka akifikisha pumzi 50 kwa dakika, huyo anapumua haraka. Huyu alishapita hapo. Nikaangalia kama kifua kinabonyea chini anapovuta hewa. Hakikubonyea. Nikamwuliza mama kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Nilijua dawa anayohitaji na kiasi chake. Sikumwandikia. Nilijifunga kitenge, nikachukua mwavuli, tukaenda wote zahanati kumgongea muuguzi wa zamu, na mtoto akapata tiba usiku uleule.

Baba mdogo, ambaye ni katekista, hakupendezwa. "Mwanangu," aliniambia asubuhi, "umesoma miaka mitatu, mtoto anahema mbele yako, nawe unaogopa karatasi?" Baba mdogo si mtu wa kubishana naye kwa pupa. Alinikumbusha Yoshua bin Sira, sura ya 38, inayofundisha kwamba tabibu apewe heshima yake kwa kuwa uponyaji hutoka kwa Mungu. Akauliza, kama uponyaji unatoka huko, serikali imeingiaje katikati? Kisha akaniletea Msamaria. Yule mtu wa Luka 10 alimkuta majeruhi njiani, akamsafisha majeraha kwa mafuta na divai, akamfunga. Hakuulizwa cheti. Waliopita pembeni ndio waliokuwa na vyeo.

Hoja hiyo ilinisumbua kwa siku nyingi, mpaka nilipoisoma tena habari ile taratibu. Nikaona jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka. Msamaria hakuishia kwenye mafuta na divai. Alimfikisha majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, kisha akamwahidi mwenye nyumba kwamba gharama yoyote itakayozidi atailipa akirudi. Akirudi! Mgeni yule, wa kabila lisilopendwa, alijifunga mbele ya mtu mwingine. Alikubali kudaiwa. Angeweza kutenda wema na kutoweka, na bado tungemsifu. Yeye alijiacha mahali ambapo angeweza kutafutwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa leseni. Haithibitishi kwamba ninajua. Cheti cha chuo kilishasema hilo. Leseni ni kukubali kwangu kulaumiwa. Jina langu litaandikwa katika rejesta, na jina lililoandikwa linaweza kufutwa. Nikimdhuru mtoto wa jirani, mama yake atakuwa na mahali pa kwenda kunishtaki, mbali na mimi, mbali na baba mdogo, mbali na huruma za kijiji ambazo zingemfanya anyamaze. Usiku ule sikuwa na mlango huo wa kumpa. Angeweza kunishukuru au kunichukia, basi.

Wengi tunakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa ile katika ndoto. Simdhihaki mzee yule, ambaye sasa ni marehemu, wala waliosafiri kwa malori na kulala njiani. Mtu anayeugua au mwenye mtoto anayeugua hutafuta popote. Wala sitaki kuhukumu ndoto yake. Lakini najiuliza: aliyeacha vidonge vyake kwa kukiamini kikombe, kisha akazidiwa, alikuwa na mlango gani wa kubisha? Anayetibu kwa ruhusa ya Mungu peke yake anaweza kuwa mkweli kabisa, na bado mgonjwa wake akakosa wa kumuuliza, maana malalamiko yote yatarudishwa mbinguni.

Mwenzangu wa chuo, kijana Muislamu wa Kilwa, ndiye aliyenionyesha kwamba fikra hii ni ya zamani. Katika hadithi zilizokusanywa na Abu Dawud imo inayosema kuwa anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Na mwaka 931, huko Baghdad, baada ya mtu kufa kwa kosa la tabibu, Khalifa al-Muqtadir aliamuru asitibu mtu yeyote mpaka apimwe na tabibu mkuu, Sinan ibn Thabit. Wanahistoria wanaandika kwamba waliopimwa walipita 860. Alikuja mzee mmoja mwenye haiba, asiye na elimu ya kutosha, akaomba asikatiwe riziki yake. Sinan alimwachia, ila kwa sharti: asimtibu mgonjwa kwa asichokijua, na asiandike kutoa damu wala dawa ya kuharisha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Habari hiyo naipenda mno, kwa sababu ni karibu na kazi yangu. Afisa tabibu naye hupewa ruhusa yenye ukingo. Kujua mahali pa kusimama na kuandika rufaa ni sehemu ya tiba.

Na ukingo mwingine ni wa ramani. Marekani, ambako kada inayofanana na yetu ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 chini ya Dk. Eugene Stead, mhitimu hufaulu mtihani mmoja wa taifa, lakini leseni huiomba jimbo kwa jimbo. Nilipolisikia hilo kwanza niliona ni usumbufu mtupu. Kisha nikatazama kwetu. Baraza letu bado linaitwa la Tanganyika kwa kuwa afya si jambo la Muungano; nikivuka kwenda Unguja nitakuta baraza lao. Nikipanda boti Mbamba Bay kwenda Nkhata Bay, leseni yangu itabaki ufukweni huku malaria ikiwa ileile pande zote mbili za ziwa. Kama leseni ingekuwa kipimo cha maarifa, mpaka wa namna hiyo ungekuwa upuuzi. Lakini ikiwa ni ahadi, basi ahadi ina watu wake. Nimewaahidi hawa, na hawa ndio wanaoweza kunidai.

Mkoa wetu unapaswa kulielewa hili kuliko mingine. Mwaka 2003 majaribio ya maduka ya dawa muhimu yalianzia hapa Ruvuma. Kabla ya hapo wauzaji wa maduka ya dawa baridi waliuza walichoweza kupata, na wengi wao hawakuwa watu wabaya. Ndio walioamshwa usiku. Kilichofanyika ni kuwafundisha, kuwakagua na kuwaandika. Hawakufukuzwa. Naona kulikuwa na hekima kubwa katika kumchukua mtu ambaye wanakijiji tayari wanamwamini na kumfanya awe mtu anayeweza kuulizwa.

Kuna mahali ambapo hoja yangu haifiki, nami sitaki ifike. Lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka likimgonga wa bodaboda pale njia panda, sitangoja rejesta. Nitakandamiza jeraha kwa kitambaa chochote, nitamlaza kwa ubavu kama hana fahamu, nitapiga kelele ya kuomba gari. Hapo sheria ya Msamaria inatosha, na nitajibu kwa Mungu kama nikipita pembeni. Tofauti ninayoishikilia ni hii: kumwokoa mtu asife njiani ni deni la kila anayepita, lakini kumwandikia dawa kesho na keshokutwa ni kazi inayotaka mtu aliyejifunga.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza jambo moja ambalo bado linaniuma. "Sawa, wewe umejifunga. Na aliyekufunga?" Alikuwa na maana kwamba dola ikishamkataza mtu asiye na leseni kutibu, imejitwika deni la kumweka mwenye leseni mahali anapofikika. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 uliahidi zahanati katika kila kijiji. Majengo mengi yamejengwa, na nayashukuru. Lakini naijua zahanati ambayo muuguzi mmoja hupima, huandika, hugawa dawa na kuzalisha, wakati wahitimu wenzangu wenye leseni mkononi wako nyumbani wakivuna mahindi na kufuatilia matangazo ya ajira. Mama atokaye vijiji vya mwambao wa Nyasa na mtoto anayehema, akikuta mlango umefungwa na mtu wa pembeni amekatazwa kumsaidia, amenyimwa mara mbili, na mara zote mbili kwa jina la usalama wake.

Kwa hiyo nimemjibu baba mdogo kwamba sitaacha kuingoja leseni, na itakapokuja nitaitundika ukutani palipo na mwanga, jina na namba visomeke, ili yeyote atakayetaka kunishtaki asipate taabu ya kuniuliza mimi ni nani. Yeye amesema atakuwa wa kwanza kuja kuisoma, halafu ataniuliza na ya serikali iko wapi.