Maji ya Tope Chini ya Tuta

Kamituga, mji wetu wa dhahabu mashariki mwa Kongo, mvua ikiua watu, neno la kwanza msibani ni mapenzi ya Mungu. Tarehe 11 Septemba 2020, mashimo ya dhahabu yaitwayo Detroit yalipojaa maji na kuwafunika makumi ya wachimbaji, nililisikia likiwa na mkia. "Mwalimu," mama mmoja aliniambia, "watu wa dhahabu wana mambo yao na Mungu." Mimi ni katekista. Nilimjibu kwa Luka, sura ya 13: mnara wa Siloamu uliua watu 18, na Yesu akakataa kusema kwamba walikuwa waovu kuliko wengine wa Yerusalemu.

Jibu hilo linamtuliza mfiwa. Lakini pia linamwacha huru aliyejenga mnara.

Nilipokaa Nairobi nilikuwa napita kando ya bwawa lililo chini ya Kibera. Tuta lake la udongo lilijengwa kuuziba mto Motoine, likakamilika mwaka 1953, na wenye nafasi wakawa wanakuja kuburudika kwa mashua za tanga. Leo ni magugu maji, taka na tope. Tuta bado lipo, wenye mashua wameshaondoka.

Tuta la udongo huzeeka kwa kutoa taarifa. Mti unaota juu yake, mizizi inafungua njia, panya anachimba, maji yanapenya. Yakichuruzika chini yakiwa maangavu, fundi anayapima na kuyafuatilia. Yakitoka na tope, udongo unaliwa kwa ndani, na hapo hakuna wa kungoja Jumatatu.

Waislamu wana bwawa lao la kutafakari: Marib, Yemen, ambalo Kurani inalitaja katika sura iitwayo Saba. Watu walineemeshwa, wakageuka, mafuriko yakaja. Karibu mwaka 548 mtawala Abraha aliandika kwenye jiwe jinsi alivyolikarabati. Miongo michache baadaye likavunjika kabisa. Mimi si sheikh, lakini nausoma utovu wa shukrani ule hivi: watu waliendelea kunywa na kumwagilia, wakachoka kubeba udongo.

Ila hata Marib hainitoshelezi. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua nyingi na kuua zaidi ya watu 40. Maji yalikuwa ya shamba kubwa la juu. Waliokufa ni majirani wa mteremkoni. Mmoja anafaidi, mwingine analipa. Ukiita hiyo adhabu ya Mungu, umemfanya Mungu hakimu asiyesoma jina kwenye faili.

Kwa hiyo Kwaresima, katika maswali ya kujichunguza kabla ya kitubio, nimeongeza moja: uliona maji ya tope yakitoka mahali, ukamwambia nani? Vijana wanacheka, kisha wananyamaza, kwa sababu baadhi yao baba zao ni PDG, yaani wenye mashimo. Mzazi mmoja amekwenda kunishtaki parokiani. Padri hajaniambia niliondoe.