Ajali Haina Kinga

Waswahili husema kwamba ajali haina kinga, na aghalabu maneno haya husemwa kwa wema. Husemwa matangani na hospitalini, ili aliyepatwa asiongeze juu ya machungu yake mzigo wa kujilaumu. Lakini yako matumizi ya pili, nayo si mema kama hayo: aliyesababisha msiba naye huyatamka, tena kabla hajaulizwa. Yafaa kuyapima maneno haya kwa kazi moja ambayo mtu aweza kuifanya uani mwake, lango limefungwa, pasipo shahidi. Nayo ni kazi ya kubadilisha pistoni na konrodi za injini ya gari.

Mfano mzuri ni Peugeot 404. Gari hili lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na katika Kenya lilichukua abiria wa safari ndefu kwa miaka mingi. Injini yake, ya sentimita za ujazo 1,618, ina silinda nne, na kila silinda ni bomba la chuma liwezalo kuchomolewa. Kwa hiyo pistoni zikichakaa, mwenye gari hana haja ya kuupeleka mwili wa injini kwa mchonga vyuma. Hununua pistoni pamoja na mabomba yake, akayapachika nyumbani. Urahisi huu ndio ulioileta kazi hii uani, na ndio unaomwacha mtu peke yake na dhamiri yake.

Konrodi ni mkono wa chuma uungao pistoni na krenkishafti. Mwisho wake wa chini umegawanyika vipande viwili, na kipande cha pili, yaani kifuniko, hushikwa na bolti mbili. Kifuniko hicho kilichongwa pamoja na konrodi yake, wala hakikubali konrodi nyingine hata vikifanana machoni kama mapacha. Mabomba ya silinda sharti yachomoze kidogo juu ya uso wa injini, kwa kiasi kilichopimwa. Yakizidi au yakipungua, maji hupenya mahali pasipo pake. Nafasi za ringi hazipangwi kwa mstari mmoja. Bolti hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa kukisia kwa mkono. Mambo haya yote, kifuniko cha injini kikisharudishwa, hayaonekani tena. Injini iliyofungwa vizuri na iliyofungwa ovyo huwaka kwa sauti ile ile.

Hesabu kidogo itaonyesha uzito wa jambo. Injini hiyo ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, kila pistoni husimama na kugeuka mara 8,000 katika dakika hiyo, ikienda na kurudi milimita 73. Ikiwa uzito wake ni nusu kilo, basi pale juu inapomaliza kutoa moshi na kugeuzwa kwa ghafula, huivuta konrodi kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 300. Nguvu hiyo yote huangukia bolti mbili, ambazo unene wake haufikii kidole cha mtu mzima.

Sasa na tuwaweke watu wawili mbele ya injini mbili. Wote wawili wamerudisha bolti za zamani zilizokwisha kurefuka kwa kukazwa, na wote wamezikaza kwa kukisia, kwa kuwa jua lilikuwa linakuchwa na spana ya kipimo ilikuwa kwa jirani. Gari la wa kwanza likatembea miaka, likauzwa, likasifiwa. Gari la wa pili likawa linashuka mteremko wa Bonde la Ufa na abiria saba, bolti ikakatika, konrodi ikatoboa ubavu wa injini, mafuta yakamwagika chini ya magurudumu ya nyuma. Watu watasema wa pili ni mwuaji na wa kwanza ni fundi. Je, wamesema haki?

Suala hili lina historia katika falsafa. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili kwa jina la bahati ya kimaadili, na mmoja wa mifano ya Nagel ni dereva wa lori aliyepuuza kukaguliwa breki zake, kisha mtoto akamkatizia njia. Asingetokea mtoto, dereva yule asingejilaumu sana. Na kutokea kwa mtoto hakukuwa katika uwezo wake. Kant kabla yao alikwisha kushikilia kwamba nia njema hung'aa kwa nuru yake yenyewe, hata isipofanikiwa. Akifuatwa Kant, watu wawili wa mfano huu ni sawasawa. Zikifuatwa hisia za watu, mbingu na ardhi.

Pengine ugomvi huu hupungua zikitenganishwa lawama na deni. Lawama ni ya saa ile ya kukaza bolti, na saa ile walikuwa sawa. Bahati haikumwosha wa kwanza, ilimficha tu. Deni ni jambo jingine. Wa pili anawiwa na wajane na mayatima, naye wa kwanza hawiwi na yeyote kwa namna hiyo. Asemaye ajali haina kinga huchanganya haya mawili: kwa kuwa deni lilikuja kwa bahati, hudai kwamba lawama nayo ilikuja kwa bahati. Bolti ile ilikuwa na kinga, nayo ilikuwa nyumba ya pili kwa jirani.

Yuko atakayejibu, “Gari ni langu, injini ni yangu, hasara ni yangu.” Jibu hili lina nguvu kwa rangi ya gari na kwa viti vyake, na hata kwa redio. Halina nguvu kwa konrodi, kwa sababu barabara si yake, na aliyepanda nyuma hakuulizwa. Fundi wa gereji walau ana jina la kupoteza. Mwenye gari akijitengenezea hana jina hilo. Ana muda tu, ambao fundi hana, na ni ajabu kwamba muda ndio wa kwanza kubaniwa. Asiyejua kazi si lazima awe mwongo, illa huwa mwongo akijua kwamba hajui, akafunga.

Aliyevunjikiwa hawezi tena kulifuta kosa lenyewe, limebaki deni. Yule ambaye injini yake ingali inanguruma bado ana nafasi ambayo mwenzake angeitoa mali yake yote kuipata. Vifuniko vya konrodi hufikiwa kwa chini, bakuli la mafuta likishatolewa. Ni kazi ya uchafu, na bolti ni nane. Na kama gari limekwisha kuuzwa, mnunuzi ana jina na mahali anapokaa.