Ujirani wa Siku Chache

Huko Uingereza wako watu waendao likizoni na vijumba vya magurudumu vikokotwavyo na motakaa, wakakaa uwanja mmoja siku chache. Chama chao kimoja kilianzishwa mwaka 1907. Kati ya vijumba huachwa yapata meta 6, kwa kuhofu moto; lakini kuta ni nyembamba, na kikohozi cha jirani huweza kusikika. Je, afungaye mlango baada ya salamu ana kiburi? Sisi twaona sivyo. Kumsaidia mgeni kusukuma kijumba chake ni wema. Kuketi mlangoni pake hadi usiku, naye aona haya kutuambia twende zetu, ni kumnyang'anya pumziko alilolifuata. Lililo gumu ni la yule akaaye peke yake, asiyeonekana tangu asubuhi. Tumwache? Twapendelea kupiga hodi, tukangoja kuitikiwa.