TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Gari la Wikiendi na Ng'ombe wa Dada

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Natumaini umeamka salama na daku ulipata, hata kama ni uji na kiporo cha jana. Kumi la mwisho liko mlangoni. Allah atufikishe.

Leo nakuletea swali aliloniuliza kijana mmoja wa huku kwetu Simiyu. Nimemwomba ruhusa nisimulie, akakubali kwa sharti nisitaje jina lake wala kijiji chake. Wewe huenda huna hamu ya gari. Soma tu mpaka mwisho, una hamu ya kitu kingine.

Ilikuwa baada ya tarawehe hapa Bariadi. Watu wanatafuta viatu mlangoni, kijana akanivuta pembeni.

"Ustadhi, nataka kununua gari. Lakini siyo la kazi. La kazi ninalo, kirikuu changu ndicho kinanilisha. Hii nataka ya wikiendi tu."

Akanionesha picha kwenye simu. Subaru Impreza ya turbo, gia za mkono, bluu, rimu za rangi ya dhahabu. Namba D, mtumba wa Japani, imeshatumika na watu wawili hapa nchini. Iko Mwanza, mwenye nayo anataka milioni 18. Jumamosi ataitoa mpaka Lamadi, Jumapili mpaka Maswa, lami ipo, atarudi jioni ataifunika turubai mpaka wiki ijayo.

"Nakula bata kidogo, ustadhi. Sinywi, sivuti, sina mambo mengine. Je, dini inaruhusu?"

Nitakuwa mkweli kwako. Niliitazama ile picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Gari lilikuwa zuri.

Sasa, wengi wetu tukiulizwa swali kama hili jibu tunalo mdomoni: israfu hiyo, dunia hiyo, acha. Lakini dini yetu haijibu kwa haraka hivyo. Fungua Suratun Nahl, mwanzoni tu. Allah anataja wanyama aliotuumbia, anataja joto la ngozi na sufi zao na kuliwa kwao, kisha anataja jambo ambalo mtu wa Bariadi halihitaji tafsiri: kwamba kuna uzuri ndani yao mnapowarudisha jioni na mnapowatoa asubuhi kwenda malishoni. Uzuri! Siyo maziwa peke yake, siyo nyama peke yake. Yule mzee anayesimama mlangoni mwa zizi saa kumi na mbili jioni, amejishika kiuno, anatazama ng'ombe wake wakiingia na vumbi lao, furaha ile Qur'ani imeitaja. Na aya ya 8 inasema farasi na wenzake wa kupandwa wameumbwa ili tuwapande na wawe pambo, na kwamba Allah anaumba tusivyovijua.

Na Mtume wetu (s.a.w.) aliandaa mashindano ya farasi Madina. Farasi waliofunzwa walikimbia kutoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, wasiofunzwa wakapewa mbio fupi, na Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa mmoja wa waliopanda. Kwa hiyo kupenda chombo kinachokwenda kasi siyo ugonjwa wa imani. Nilimwambia hivyo kijana, akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

Nikamwambia subiri, sijamaliza.

Iko hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba farasi wako wa namna tatu. Kuna farasi ambaye kwa mwenyewe ni thawabu: amemfuga kwa ajili ya Allah, basi kila jani analokula na kila hatua anayopiga mwenyewe anaandikiwa mema. Kuna farasi ambaye kwa mwenyewe ni sitara: amemfuga ili ajitosheleze asiombe watu, na hakusahau haki ya Allah iliyo katika shingo na mgongo wa mnyama huyo. Na kuna farasi ambaye kwa mwenyewe ni mzigo wa dhambi: amemfuga kwa kiburi, kwa kujionesha na kwa kuwafanyia watu uadui.

Unaona? Farasi ni yuleyule, miguu minne. Kinachobadilika ni mtu aliyeshika hatamu.

Halafu maswahaba wakauliza: na punda je? Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba juu ya punda hakuteremshiwa kitu mahususi, isipokuwa ile aya ya pekee inayokusanya kila kitu, ya mwisho wa Suratuz Zalzala, kwamba atendaye jema la uzito wa chembe ataliona na atendaye ovu la uzito wa chembe ataliona. Basi na sisi tukiuliza: na Subaru je? Jibu ni hilohilo la punda. Itapimwa chembe kwa chembe.

Kwa hiyo nikaanza kupima naye, palepale kwenye baraza ya msikiti.

Chembe ya kwanza, majirani na njia. Nikamuuliza, hiyo turbo na hilo bomba la moshi lililobadilishwa, utaliwasha saa ngapi? Kuna mgonjwa mtaani, kuna mtoto mchanga, kuna watu wako kwenye rakaa. Na barabara yetu ya Lamadi unaijua: baiskeli zenye magunia, mkokoteni wa ng'ombe, wanafunzi wanaotembea pembeni ya lami, kundi la ng'ombe linavuka na mchungaji wa miaka tisa nyuma. Kibao cha 50 kijijini hakikuwekwa kwa ajili ya tochi ya trafiki tu. Kimewekwa kwa ajili ya yule mtoto. Kijana akasema, "Hilo nakubali, ustadhi. Nitakwenda taratibu, na bomba nitarudisha la kiwandani."

Chembe ya pili, gharama. Gari la kuchezea linakula hata likiwa limelala. Bima, tairi, betri, oili ya turbo ambayo siyo ile ya kirikuu. Na ukiacha lami ukaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga msimu huu wa mvua, gari la chini namna ile litakaa hapo mpaka watu waje na jembe. Akacheka. Akasema hesabu amepiga, kirikuu kinaingiza, watoto wake ada imelipwa, hadaiwi na mtu.

"Hudaiwi na mtu?" "Sidaiwi, wallahi." "Hiyo milioni 18 umeipata wapi?"

Akajibu bila wasiwasi wowote: "Nimeuza ng'ombe 20 mnadani. Wa mzee."

Mzee, yaani baba yake, alifariki mwaka juzi. Mungu amrehemu. Madeni ya marehemu yalilipwa, wasia ulitekelezwa, zaka ilitolewa, hapo familia ilifanya vizuri. Zikabaki ng'ombe 32. Mama yupo hai. Watoto ni watatu: yeye na dada zake wawili. Babu na bibi walishatangulia.

"Mligawana lini?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Hatujagawana, ustadhi. Dada zangu wameolewa, wana mji wao kwa waume zao. Mama naishi naye mimi, namlisha mimi. Na hakuna aliyedai."

Ndugu yangu, hapa ndipo tafakuri ya leo ilipo. Nikaokota kijiti, tukaandika mchangani.

Ng'ombe 32. Mke aliyeachwa na watoto anapata thumuni, sehemu moja ya nane: ng'ombe 4, za mama. Zinabaki 28. Mtoto wa kiume anapata mafungu mawili, kila binti fungu moja. Ng'ombe 14 za kijana. Ng'ombe 7 za dada mkubwa. Ng'ombe 7 za dada mdogo. Hii siyo hesabu yangu. Ni Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, na aya mbili zinazofuata zinaiita mipaka ya Allah, zinampa bishara anayeitii na kumtishia moto anayeivuka. Wala mafungu hayo hayangojei mtu adai. Yalikuwa ya kwao tangu siku ile mzee alipokata roho.

"Wewe zako ni 14," nikamwambia. "Umeuza 20. Zile 6 ni za nani?"

Hakujibu.

"Hilo gari," nikamwambia, "ukiliwasha Jumamosi, ndani ya injini kuna ng'ombe 6 za wanawake watatu."

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu najua siyo yeye peke yake. Tunafunga, tunasoma juzuu kila siku, lakini mali ya marehemu imekaa miaka mitano, kumi, mkononi mwa kaka mkubwa, na tunaona sawa.

Tunasema wameolewa. Kuolewa hakufuti fungu la binti. Ng'ombe walioletwa na mumewe hawakuwa malipo ya urithi wa baba yake.

Tunasema mama namlisha. Kumlisha mama ni wajibu wako hata kama baba hakuacha kuku. Thumuni yake ni mali yake, akitaka auze, akitaka ampe mjukuu, akitaka amtolee sadaka mumewe.

Tunasema hawajadai. Hawajadai kwa nini? Dada hadai kwa sababu anaogopa ataambiwa anavunja ukoo. Hadai kwa sababu siku akigombana na mumewe atahitaji mlango wa kurudia, na mlango huo ni wako. Kimya cha mtu anayekuogopa kukupoteza usikiite ridhaa. Ridhaa inakuja baada ya mtu kujua ng'ombe wake ni wangapi, akakabidhiwa kamba mkononi, kisha mwenyewe akasema, chukua kaka. Hapo ni halali, tena ni zawadi nzuri. Kabla ya hapo umechukua tu.

Na tutaulizwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika mambo ambayo mja hatavuka bila kuulizwa Siku ya Kiyama, mojawapo ni mali yake: aliipata wapi na aliitumia katika nini. Yule kijana alikuja kuniuliza la pili, kutumia. La kwanza, kupata, halikumpitia akilini. Na mimi nakiri kwamba nilikaribia kumpa jibu la la pili nikamwacha aende nyumbani na amani ya uongo.

Alhamdulillah, kijana alikuwa hajalipa. Jumapili iliyofuata akawaita dada zake kufuturu, na mama akakaa nao. Akawasomea hesabu kwenye karatasi. Ameniambia dada mdogo aliinama akajifuta macho kwa khanga, hakusema kitu. Dada mkubwa akasema, "Ng'ombe wangu 7 nikabidhi kwanza. Habari ya gari lako tutaongea baadaye."

Zizini zilibaki ng'ombe 12. Za mama na mabinti ni 18. Kwa hiyo wanawake wamechukua zile 12, na 6 zilizopungua kijana amezilipa kwa bei aliyouzia, laki 9 kila mmoja: milioni 5 na laki 4. Mkononi amebaki na milioni 12 na laki 6, na zizini hana hata ndama. Subaru ya Mwanza hakuinunua. Dada mdogo, fungu lake la kwanza limelipa ada ya mwanawe.

Jana akanitumia picha nyingine. Altezza ya zamani, rangi imepauka upande wa kulia, bei iko ndani ya hela yake. Chini akaandika: "Hii je, ustadhi?"

Nikamjibu: hii ni ng'ombe zako mwenyewe. Endesha taratibu, na siku ya Idi wapeleke dada zako matembezi.

Katika Suratul Hadid, aya ya 20, Allah ameyafananisha maisha ya dunia, mchezo wake, pambo lake na kushindana kwake kwa mali, na mvua inayootesha mimea ikawapendeza wakulima, kisha inanyauka, unaiona ya njano, kisha inakuwa mabua makavu. Sisi tunaolima pamba tunaelewa. Sasa hivi shamba ni kijani, maua yametoa, ukipita unasimama kutazama. Baada ya miezi michache tutakuwa tunang'oa masalia na kuyachoma. Hakuna aliyekukataza kusimama kutazama shamba. Hakikisha tu ni la kwako.

Kazi ya leo, kabla ya magharibi:

1. Chukua karatasi. Andika kila mali ya marehemu ambayo haijagawiwa na iko chini ya mkono wako: shamba, ng'ombe, nyumba, hata baiskeli.
2. Andika majina ya wenye haki. Anza na wanawake.
3. Mpigie simu mmoja wao leo. Usimwulize kama anadai. Mwambie anachodai.

Kama hesabu inakupa shida, nenda kwa shekhe wako wa mtaa akupigie, haichukui hata muda wa kupika futari. Na kama wewe ndiye dada ambaye hukupewa, jua kwamba kudai haki aliyokupa Allah siyo kuvunja ukoo.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Wasamehe wazee wetu waliotangulia, na usitufanye sisi tulioachiwa mali zao kuwa sababu ya watoto wao kuchukiana. Tufikishe kumi la mwisho tukiwa wepesi, hatuna cha mtu mgongoni. Amin.

Mtumie na mwenzako, hasa kaka mkubwa wa familia. Saumu njema.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.